Mama Mkwe Bado Hajatoa Kodhi

Uriri, Migori
Jumapili jioni

Dada Sidi mpenzi,

Nakusalimu wewe, na mama, na kila aliyeketi hapo barazani wakati unaifungua barua hii, maana najua utaisoma kwa sauti hata nikikukataza. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anasingizia vumbi la saruji huku sigara iko mkononi? Sisi huku tu wazima. Atieno ameng'oka meno ya mbele na sasa anapiga mluzi kupitia pengo, kutwa nzima, mpaka kuku wamezoea. Baba Atieno siku za kazi yuko Homa Bay, anapanga magunia katika ghala la mtu, na hurudi Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu katika boma hili Jumamosi ni Sabato na hata kisu cha kukatia sukuma wiki hupumzika. Mimi nami mwili mzima. Ni miguu tu ambayo haitaki kukaa mahali pamoja.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama pale posta, nikaisoma tena njiani, nikaisoma tena nyuma ya choo ili Atieno asiniulize maswali. Unasema yule bibi wa mapazia anataka mtu wa kuwasimamia wasichana wake wa cherehani, hoteli zimempa kazi nyingi, na nyuma ya karakana kuna chumba chenye mlango unaofungika. Unasema anangoja jibu langu, ndiyo au la, na hatangoja sana. Nimekuelewa. Nilimwambia Baba Atieno naye akajibu, "Ni wewe kuamua." Basi. Tangu bandari ipunguze watu na sisi tukaja huku kwao, mume wangu amekuwa mtu wa maneno machache, lakini hayo yalinikera kuliko matusi. Angenikataza ningegombana naye, na kugombana kungenisaidia kujua ninachotaka.

Kwa hiyo nimekuwa nikifagia. Nafagia uwanja asubuhi, nafagia tena kabla ya chakula, na jioni nautafuta ufagio. Sanduku nimelipanga nikalipangua, nikalipanga tena nikiweka nguo za Atieno chini, kisha nikakumbuka kwamba sweta lake ninalihitaji kesho, nikalipangua. Usinicheke. Jibu lako limo humu ndani ya barua, lakini sharti nikueleze kwanza habari ya mvua, la sivyo hutanielewa.

Unajua tulifika hapa mwaka jana wakati watu wote wameshapanda, kwa hiyo mimi kupanda kwa huku sikuwahi kukuona. Nimeona kuvuna tu. Na mvua zile fupi zilinikuta kitandani na malaria. Shamba lenyewe si kubwa. Ukisimama mlangoni mwa Mama mkwe ukamwita mtu aliye mwisho wa shamba, anaitika bila wewe kupaza sauti. Kuna mahindi, kuna njugu, kuna viazi vitamu upande wa mto, na kuna ng'ombe mmoja ambaye nikikusimulia habari zake utadhani natunga.

Huyu ng'ombe alinunuliwa mnadani Ogwedhi, kule mpakani na Narok, na tangu azaliwe alikuwa amesikia Kimaasai tu. Mama alipomwita kwa Kijaluo akageuza mgongo. Sasa mimi, kwa kuwa mchana kutwa sina mtu wa kuzungumza naye Kiswahili cha nyumbani, nikawa namkatia majani huku namsimulia mambo yangu. Nilimweleza habari za bandari, nikamweleza habari za bei ya nazi, nikamweleza hata ile harusi ya binamu yetu iliyokatikiwa umeme. Matokeo yake sasa hasikii lugha nyingine. Mama akitaka kumkamua lazima aseme, "Simama vizuri, bibi," kwa Kiswahili, na akisema kwa ukali ng'ombe anapiga ndoo teke. Mama analalamika kwa majirani. "Nyar Mombasa ameniharibia ng'ombe," anasema. Nyar Mombasa ndiyo mimi, binti wa Mombasa. Hapa mke huitwa kwa jina la alikotoka, na Kadzo hawalijui.

Kuna Rosa pia, mke wa shemeji yangu mdogo. Ni mcheshi, mkono wake mwepesi, ila siri haikai tumboni mwake hata kidogo. Yeye huniita nyieka, yaani mke mwenza. Siku ya kwanza aliponiita hivyo nilimkalisha Baba Atieno nikamhoji mpaka akatoka jasho, kumbe huku wake wa ndugu wawili ndivyo wanavyoitana. Nakwambia haya ujue kwamba mara nyingi mimi hapa nacheka. Na asubuhi kuna ukungu unaolala kwenye bonde la mto, juu yake unaona vilele vya miti tu na moshi wa majiko ya watu, na majogoo wanajibizana kutoka boma hili hadi lile. Ni kuzuri, dada, siwezi kudanganya. Kinachonisumbua ni kwamba nikishatazama uzuri huo najiuliza, sasa mimi ni nani hapa? Naona haya kama mgeni aliyeshiba na bado hajaaga.

Basi mvua ikaja. Ilikuja na mawe, Atieno akaniletea moja ndani ya kikombe akitaka nilitie sukari. Kesho yake majirani wote walikuwa mashambani. Ng'ombe wa kulima, majembe, watoto, kila mtu. Shamba letu lilikuwa limeshalimwa zamani, udongo mweusi umekaa tu. Mbegu zipo, zimening'inia juu ya meko ya Mama na zimekula moshi tangu mavuno. Ila Mama alikuwa amekaa kivulini anabambua njugu.

Nikangoja. Ikapita Sabato, ikaja Jumapili, hakuna kitu. Mvua ikanyesha tena. Mahindi ya jirani yakaanza kuchungulia. Nikamwendea.

"Mama, tunapanda lini?"

Hakuinua kichwa. "Mimi bado sijatoa kodhi."

Sasa sikiliza. Kiswahili cha Mama kina Kijaluo ndani yake, herufi nyingine anaziegemeza ulimi kwa namna yake. Mimi nilisikia kodi. Nikafikiri, maskini, huyu mjane anadaiwa na serikali na hatuambii. Migori sasa ni wilaya peke yake, wamefungua maofisi mapya, nikasema kumbe wameleta na kodi mpya za mashamba. Nikaenda kwa Rosa.

"Rosa, kumbe Mama hajatoa kodi?"

"Ee, bado," akasema, anasugua sufuria. "Na lazima yeye atoe kwanza. Halafu wewe, halafu mimi."

Nikashtuka. "Mimi pia nitoe?"

"Wewe ndiyo wa pili, nyieka. Mimi siwezi toa kabla yako."

Dada, nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Mwaka mzima sijapewa hata tuta la kunde la kuliita langu, leo kwenye kodi ndipo nimekuwa wa pili. Hata hivyo nilimhurumia Mama. Jioni nikampelekea uji nikamwambia, "Mama, usiogope. Ukitoa kidogo kidogo watakuelewa."

Akanitazama sana. "Kidogo kidogo? Nani anatoa kodhi kidogo kidogo? Natoa siku moja, imekwisha."

"Na serikali ikija?"

"Serikali inataka nini na kodhi yangu?"

Nikasema moyoni, huyu mama ni jasiri. Sikujua kwamba yeye naye alikuwa anasema moyoni, huyu msichana malaria imempanda kichwani.

Nikavaa leso nzuri nikaenda hadi kwa naibu wa chifu, pale senta. Benchi lilikuwa limejaa wanaume wenye kesi za mipaka. Naibu alikuwa anakunywa chai. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mama mkwe wangu ni mjane, mvua zinapita, na tunaomba tupande kwanza, kodi itolewe baada ya mavuno.

"Kodi gani, mama?" akauliza. "Nani amekuambia iko kodi ya kupanda?"

"Yeye mwenyewe. Anasema bado hajatoa."

"Hebu sema vile amesema. Vile vile kabisa."

Nikamwigiza Mama, pamoja na ule ulimi wake. "Bado sijatoa kodhi."

Naibu akaweka kikombe chini. Mzee mmoja kwenye benchi aliinama akashika tumbo, nikadhani ameugua, kumbe anacheka. Benchi lote likacheka. Watu waliokuja kugombania mipaka wakawa wanashikana mabega.

"Kodhi ni mbegu, nyar Mombasa," naibu akasema, anajifuta macho. "Kwa sisi, mama ya boma anatoa mbegu yake kwanza, anaweka kwa mchanga. Halafu bibi ya kijana mkubwa. Halafu huyo anamfuata. Kama mama hajatoa, hakuna mtu anaingia shamba na jembe. Sasa ungeanza wewe, hiyo ingekuwa maneno mbaya."

Nikauliza, "Na kama hataki kutoa?"

Hapo akaacha kucheka. "Hiyo enda umuulize. Hakuna mama anakataa bure na mvua iko."

Nilirudi kwa miguu, na habari ilikuwa imenitangulia. Wauza njugu wa barabarani, watu ambao hawajawahi kunisalimu, walikuwa wananiuliza, "Nyar Mombasa, umelipa kodhi?" Nilitamani ardhi inimeze. Njia nzima nilikuwa naapa kwamba nikifika tu nalifunga sanduku kwa kamba, namchukua Atieno, na mapazia ya hoteli zote za pwani nitayashona mimi.

Mama alikuwa palepale kivulini. Alikuwa ameshaambiwa. Alijitahidi kukaza uso, lakini mashavu yalimsaliti.

"Umenilipia?" akauliza.

Nikacheka, dada. Nilikuja na hasira yangu yote nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda ya njugu. Tulicheka pamoja, na tulipomaliza hakukuwa na jambo lingine la kufanya ila kuulizana.

"Mama, mbona hutoi?"

Akaendelea kubambua. "Rosa ameniambia iko barua imetoka Mombasa."

Rosa nilimwambia mimi mwenyewe, siwezi kumlaumu mtu.

"Nikitoa kodhi leo," akasema, "kesho ni wewe. Ukipanda halafu uende, nani atalima hiyo magugu yako? Na kama hutapanda, Rosa atapita wapi? Atakuruka? Hapa mtu haruki mtu." Akapuliza maganda. "Mimi sikukatazi. Enda, ama kaa. Lakini sema. Mguu yako moja iko kwa nyumba, ingine iko kwa barabara, sasa mimi nitapanda ya watu wangapi?"

"Ungeniuliza tu, Mama."

"Nikuulize?" Hapo nikaona kwamba ameumia kweli. "Hiyo maneno yote umeambia ng'ombe. Ng'ombe anajua kila kitu. Mimi mama yako najua kwa Rosa."

Ni kweli, ng'ombe nilimwambia kila kitu. Nilimwambia habari za chumba chenye mlango unaofungika, nilimwambia kwamba nimechoka kuitwa kwa jina la mji, nilimwambia kwamba nikisikia lugha inayozungumzwa mezani nisiyoielewa huwa nadhani nasemwa. Na Mama huwa hapo karibu ninapozungumza naye, nyuma ya ukuta wa majani tu. Kiswahili chake cha kusema ni kibovu, lakini masikio yake hayana kasoro.

Usiku huo nililala kwa kugeukageuka. Nilikuwa na hasira na wewe pia, nikuambie ukweli, kwa kunitafutia kazi nzuri. Ungenitafutia mbaya ningekataa nikalala.

Asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta Rosa ameketi kwenye jiwe la kufulia. Ana jembe, ana mkebe wa mbegu, miguu imeshapakaa matope. Kumbe ndivyo alivyokuwa akikaa kila asubuhi tangu mvua ianze, nami nikidhani anapumzika.

"Rosa, unaenda wapi?"

"Mimi sijui," akasema. "Nangoja wewe."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anavyosema anangoja maji yachemke. Nami nikasimama pale mlangoni na mswaki mdomoni. Wewe unanijua, dada. Mimi ndiye kitinda mimba. Nimeoga maji mliyobakisha, nimevaa magauni yako yakiwa yameshavaliwa na dada yetu Mwaka kabla yako, na kwenye picha ile ya ukutani kwa mama nimekatwa nusu kwa sababu nilifika mwisho. Sisemi kwa uchungu, ndivyo ilivyo nyumba yenye watoto wengi. Ila hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye jiwe akashindwa kuanza shughuli zake mpaka mimi nianze. Nilisukutua, nikaenda kwa Mama.

"Mama, toa."

Hakuniuliza mara mbili. Alipanda kwenye kigoda akayashusha mahindi, akayapukuchua kwenye ungo, akavua viatu. Aliingia shambani peke yake, akasimama kidogo akiomba kwa sauti ndogo, kisha akapiga mstari wake wa kwanza, mfupi, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Akageuka akaniita kwa mkono.

Mimi jembe nalijua la kupalilia tu. Nilichimba nikitazama miguu yangu badala ya kutazama mbele, na nilipofika mwisho nikageuka, nikaona mstari umekunjika katikati, umekunjika tena, na mwisho wake uko karibu na ua wa jirani.

Mama akautazama kwa muda mrefu. "Mstari yako inaenda Mombasa," akasema.

Nikataka kufukua nianze upya. Akanikataza, mbegu ikishatolewa haifukuliwi. Basi akaingia Rosa. Rosa amezaliwa upande wa Ndhiwa, amelima tangu akiwa mtoto, anaweza kupiga mstari ulionyooka akiwa amefumba macho. Hakuunyoosha. Alisimama kando ya wangu, akaufuata ulivyo, kona kwa kona, mpaka kwenye ua wa jirani.

Sasa mahindi yameota. Mtu akipita barabarani anaona mstari mmoja ulionyooka na miwili iliyopinda pamoja, na wengi wanasimama kuuliza. Mama anawajibu kwa Kijaluo, wanacheka, na mimi sasa nasikia maneno kadhaa. Ni kweli nasemwa.

Hilo ndilo jibu, dada. Najua utakasirika, na utakuwa na haki, maana ulihangaika kwa ajili yangu. Wala usidhani nimetulia. Jana basi la usiku lilipiga honi kule lami nikajikuta nimesimama, kijiko mkononi, na sikujua nimesimama kwa nini. Pengine nitakuwa hivyo maisha yangu yote. Sanduku limepanguliwa, lakini sijalirudisha juu ya kabati, liko chini ya kitanda ninapolifikia. Baba Atieno aliporudi nikamwambia sitaenda, akasema, "Sawa," kisha akatoka nje akakaa sana na ng'ombe. Nadhani huyo ng'ombe sasa tunamwambia sote.

Msalimie mama, umwambie nimepata majani ya kukanda magoti, nitampa mtu anayesafiri. Msalimie kaka yetu mkubwa na mkewe, na shangazi wa Rabai akija. Dada yetu Mwaka mwambie Atieno anamuulizia, tena anataka kujua kama huko mvua ya mawe inauzwa. Watoto wako wabusu wote, na yule mdogo kabisa mbusu mara mbili, na safari hii mweke mbele kwenye picha.

Na yule bibi wa mapazia mpe shukrani zangu za dhati, umwambie asiningoje. Wiki hii tunaanza kupalilia, na nisipoingia shambani, Rosa hawezi kuingia.

Mimi mdogo wako,

Kadzo,
wa pili katika boma hili